RSS Polling ya Discourse: habari kujibandika zenyewe jukwaani

Kwa jukwaa linaloendeshwa kwa Discourse (programu ya kuendeshea majukwaa ya majadiliano), RSS Polling, programu-jalizi inayovuta habari za tovuti nyingine na kuzifanya mada, ni nafuu kubwa kuliko kunakili habari kwa mkono. Ukishaiwasha, kila mlisho (orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitoa kwa mfumo wa RSS) unaujazia anwani yake, akaunti ya mwandishi, kategoria na lebo. Fungua akaunti maalumu, tuseme "habari". Ukiweka ya msimamizi, wanachama watadhani ndiye aliyeandika.

Kwa kawaida hukagua milisho kila dakika 30, na hapo sioni haja ya kugusa kitu.

Kinachoudhi ni mada kujirudia. Makala hutambuliwa kwa kiungo chake, si kwa kichwa cha habari. Tovuti ikibadilisha vile viherufi vinavyofuata alama ya "?" mwishoni mwa kiungo, habari ileile huingia mara ya pili. Kwa hiyo fungua mlisho kwenye kivinjari kwanza, ulinganishe viungo vitatu vinne leo na kesho.

Milisho mingi, ukiwemo wa BBC Swahili, hubeba muhtasari tu, na ni vizuri: msomaji anakwenda kwa mwenye habari. Anza na milisho miwili, tena kwenye kategoria ya peke yake, la sivyo maswali ya wanachama yatafukiwa.