Simu ya kujaribia programu: ununue ipi kwanza?

Mwandishi wa programu anayeanza hukimbilia simu kali kuliko zote, kisha hushangaa watumiaji wakilalamika kwamba programu yake inakwama. Orodha yangu imepangwa kinyume. Nimeangalia simu ipi itakuumbua mapema, kabla mtumiaji hajakupa nyota moja.

1. Android ya bei nafuu, RAM ya GB 3 au 4

Hii ndiyo ya kwanza. Android iko mikononi mwa makampuni mengi, na kila moja huongeza mambo yake juu ya mfumo. Ile simu bandia ya ndani ya Android Studio, programu ya kompyuta ya kuandikia programu za Android, haikuonyeshi hayo. Orodha yenye picha 200 inateleza vizuri kwenye kompyuta. Kwenye simu dhaifu kidole kimeshafika chini na picha bado zinajikongoja.

Niliwahi kutengeneza programu ya kukumbusha saa za dawa. Kwenye kompyuta ililia asubuhi na jioni bila kukosa. Nikaiweka kwenye simu ya kampuni nisiyoitaja, nikalala. Kukakucha kimya. Kumbe simu iliizima usiku ili kutunza chaji, na ilibidi mtumiaji mwenyewe aende kwenye mipangilio ya betri airuhusu. Siku mbili nilikuwa natafuta kosa kwenye msimbo wangu.

Kabla hujalipia, fungua maelezo ya simu na ugonge namba ya toleo (Build number) mara 7. Zikitokea chaguo za wasanidi, yaani waandishi wa programu, chomeka waya wa USB uone kama laptopu inaitambua. Tundu la waya lililolegea litakutesa kuliko kioo chenye mikwaruzo.

Akaunti ya kuchapishia programu kwenye Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu. Ila kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 kuna sharti: watu wasiopungua 12 waijaribu programu kwa siku 14 mfululizo ndipo uombe kuitoa kwa umma. Mwanzoni walitakiwa 20. Anza kuhesabu binamu zako.

2. iPhone ya mtumba, kuanzia iPhone 11

Usishuke chini ya hapo: iOS 26, mfumo wa iPhone uliotoka 2025, imeziacha XR na XS. Kioo kikiwa na ufa si neno. La kukagua ni kama mwenye simu ameondoa akaunti yake ya Apple. Mwambie aifute simu mbele yako na uiwashe upya. Ikidai nenosiri la mtu mwingine, mrudishie.

Gharama yenyewe haiko kwenye simu. Xcode, programu ya kutengenezea programu za iPhone, inaendeshwa kwenye Mac pekee, na Aprili 2025 App Store ilianza kukataa programu isiyojengwa kwa Xcode 16 au toleo la baadaye, kwa hiyo Mac kuukuu nayo haikusaidii. Juu ya hapo kuna dola 99 kila mwaka za akaunti ya msanidi ya Apple. Bila kulipa unaweza kuiweka programu kwenye simu yako mwenyewe, ila baada ya siku 7 inagoma kufunguka mpaka uisakinishe tena. Kwa kujifunza, inatosha kabisa.

Ushindani wa hawa wawili umetupa nafuu moja: Apple ilipopunguza makato ya mauzo ya wasanidi wadogo kutoka asilimia 30 hadi 15 Januari 2021, Google ikafuata Julai mwaka huohuo, kwa dola milioni 1 za kwanza.

3. Pixel

Simu hii ya Google yenyewe hupata Android mpya mapema, na kuanzia Pixel 8 ya 2023 imeahidiwa masasisho ya miaka 7. Ni simu nzuri. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni nzuri mno: kila kitu hufanya kazi humo.

4. Huawei yenye HarmonyOS NEXT

Inunue ukiwa na wateja China, vinginevyo subiri. Tangu 2024 mfumo huu wa Huawei yenyewe hauendeshi programu za Android. Utaandika upya kwa ArkTS, lugha ya kuandikia programu za mfumo huo. Nami nina sababu ya kusita, kwani kwenye droo yangu imo simu ya Windows, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020. Naitumia kama saa ya kuniamsha.