Migodi ya Great Orme, Wales: kuingia shimoni ilikotoka shaba ya bronzi

Mtu anayetaka kuona mashoka ya bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) ya Ulaya ya kale atayakuta katika makumbusho mengi, yakiwa yamesafishwa na kupangwa nyuma ya vioo. Ni vigumu zaidi kupata mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kuingia katika shimo lenyewe walilochimba watu waliokuwa wakitafuta shaba ya kutengenezea mashoka hayo. Kati ya sehemu zote za namna hiyo nilizowahi kufika, hakuna iliyonigusa kama migodi ya Great Orme, juu ya mji wa Llandudno, kaskazini mwa Wales.

Great Orme ni mlima wa mawe ya chokaa uliojitokeza baharini. Nilipanda kwa tramu iliyoanza kazi mwaka 1902, nikashuka kituo cha katikati, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi mgodini. Mgeni hupewa kofia ngumu na maelezo mafupi kwa filamu, kisha hushuka mwenyewe akifuata njia iliyowekewa taa. Ziara nzima inaweza kumalizika kabla ya saa moja kupita, ila mwenye kuharakisha atakosa mengi, kwa sababu yaliyo muhimu yamo kutani na si katika mabango.

Ukaribie ukuta uutazame vizuri. Alama za kuchimbulia bado zinaonekana, na mahali pengine mwamba una madoa ya kijani ya malakiti, lile jiwe ambalo mafundi wa Katanga hulisugua na kulifanya mapambo. Hapa jiwe hilo ndilo lililokuwa mali, kwa kuwa ndani yake mna shaba. Mwamba uliolizunguka umelainika kiasi kwamba sehemu nyingi zilichimbwa kwa mifupa, hasa ya ng'ombe. Vipande zaidi ya 30,000 vimekusanywa, na vingi vimegeuka rangi ya kijani kwa kukaa pamoja na shaba kwa maelfu ya miaka. Mwamba ulipokuwa mgumu walitumia nyundo za mawe ya mviringo, ambazo zaidi ya 2,000 zimepatikana, na pia waliwasha moto ukutani ili jiwe lipasuke kwa joto. Kabla ya uchunguzi ulioanza mwaka 1987, wengi waliyadhania mashimo ya kale ya mlima huu kuwa kazi ya Warumi. Vipimo vya mkaa na mifupa vikaonyesha kwamba uchimbaji ulikuwa umeshamiri zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Niliposimama kwenye mdomo wa mojawapo ya njia za pembeni, nilishindwa kuondoka upesi. Njia hizo ni nyembamba mno, na mtu mzima hata akijikunja vipi hawezi kupita. Waliozichimba lazima walikuwa watoto, gizani, wakiwa na mfupa mkononi na mwanga mdogo tu wa kuwaongoza. Hakuna shoka la makumbusho lililowahi kunieleza gharama ya bronzi kwa uwazi wa namna hiyo. Mbele zaidi njia inafunguka kwenye ukumbi mpana uliochimbwa kwa mikono hiyo hiyo, na ukubwa wake unaonyesha jinsi mshipa wa shaba ulivyokuwa mnene hapo.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili kuna jambo la lugha linalofaa kuwekwa sawa kabla ya safari. Neno shaba tunalitumia kwa vitu viwili: shaba nyekundu inayotoka ardhini, na mchanganyiko wake na bati, ambao ndio bronzi, hata medali ya mshindi wa tatu tunaiita ya shaba. Katika masomo ya historia tulitoka Zama za Mawe tukaingia moja kwa moja Zama za Chuma, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ndivyo ilivyokuwa, kwa hiyo hatua hii ya katikati, Zama za Bronzi, ni ngeni kwetu. Great Orme ilitoa shaba nyekundu peke yake. Bati lilipatikana kusini zaidi, Cornwall na Devon, na mhunzi alihitaji takriban sehemu moja ya bati kwa tisa za shaba ili apate metali iliyo ngumu zaidi na inayomiminika vizuri katika kalibu. Utafiti wa kemia ya metali umeonyesha kwamba kati ya mwaka 1600 na 1400 KK hivi, shaba ya mlima huu ilifika Brittany, Ufaransa, na hadi Sweden.

Kwa hiyo anayependa zaidi tanuri, mivukuto na kalibu ajue kwamba uzito wa ziara hii uko kwenye uchimbaji, na aiunganishe na kutembelea makumbusho yenye mashoka ya kipindi hicho. Avae viatu visivyoteleza na koti hata wakati wa kiangazi, kwani chini kuna ubaridi na maji hudondoka. Ngazi ni nyingi na dari ni fupi, hivyo mwenye maumivu ya magoti au anayeogopa mahali pa kubana atapata shida. Migodi hufungwa majira ya baridi. Mimi ningechagua asubuhi ya siku ya kazi, wakati njia haina msongamano na mtu anaweza kusimama mbele ya vile vitundu vya watoto kwa muda anaotaka.