Uzoefu wangu na Rijksstudio katika kuwafundisha vijana uchoraji

Vijana ninaowafundisha uchoraji hawana upungufu wa bidii, kwani wengi wao huchora kila siku kwenye simu na tabo. Kinachonitia wasiwasi ni video fupi wanazojifunzia, ambamo uso wa mtu hukamilika kwa nusu dakika na mtazamaji hubaki na matokeo tu, bila kuona mahali mkono wa mchoraji uliposita au alipobadili nia. Kwa sababu hiyo nilianza kutumia Rijksstudio, huduma ya mtandaoni ya makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam, nchini Uholanzi, na nimeridhika nayo kiasi cha kuipendekeza kwa mwalimu yeyote wa sanaa.

Huduma hii ilianzishwa mwaka 2012. Kazi ambazo muda wa hakimiliki umekwisha hupakuliwa bure zikiwa na ubora wa juu, na mtu ana ruhusa ya kuzitumia upya apendavyo, hata kibiashara. Ruhusa hiyo ina uzito mkubwa kwa kijana, kwa kuwa anaweza kuiweka picha kwenye programu yake ya kuchorea, akafuatisha mistari yake, akabadilisha rangi, akaujua mchoro kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi wa zamani katika karakana za wachoraji, wakiwemo wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, nao walijifunza kwa kunakili.

Lililonivutia zaidi ni picha ya “Ulinzi wa Usiku”, mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 wenye upana wa zaidi ya mita 4, ambayo makumbusho hayo yaliitoa Januari 2022 ikiwa na pikseli bilioni 717. Mwanafunzi wangu mmoja aliivuta hadi kwenye vazi la njano la luteni aliyesimama mbele, akitarajia kuona nyuzi za dhahabu zilizodariziwa moja moja. Alichokuta ni mabonge ya rangi nzito yaliyobandikwa kwa brashi, ambayo ukisogea mbali ndipo yanapogeuka darizi. Alinyamaza, akairudisha picha nyuma, akaivuta tena. Tangu siku hiyo ameacha kuhangaika na kila uzi na kila unywele, na michoro yake imepata uhai ambao maelezo yangu ya mdomo hayakuwahi kuuleta.

Ni vyema kujua pia mipaka yake. Rijksstudio ni hazina ya picha, haina mpangilio wa masomo, hivyo kijana asiye na mtu wa kumwelekeza anaweza kupitisha picha nyingi bila kutazama hata moja. Maandishi yake ni ya Kiholanzi na Kiingereza, picha kubwa hula data, na kioo cha simu ni kidogo mno kwa kazi ya kundi. Aidha, sehemu kubwa ya michoro yake maarufu ni ya Uholanzi ya karne ya 17, na kwa hiyo mimi huichanganya na kazi za mahali pengine ili vijana wasiichukulie kuwa kipimo cha sanaa yote.

Kwa anayeanza, ningeshauri aache kwanza “Ulinzi wa Usiku”, afungue mchoro wa Vermeer, Mholanzi mwingine wa karne hiyo, wa mwanamke anayemimina maziwa, ambao hauzidi nusu mita kila upande, kisha auvute kwenye mikate iliyo mezani na kuchunguza vitone vya rangi nyepesi vinavyoipa mwanga.