Ofisi ya mawakili wa kufilisika hapa Columbus: madeni yamepangwa, gari ninalo

Wabongo wenzangu na ndugu wote mlioko Columbus, Ohio, hii ni rivyuu ya ofisi ndogo ya mawakili inayoshughulika na kesi za kufilisika, jina siliweki hapa, anayelitaka anifuate inbox. Nyota nne kati ya tano.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, asubuhi niko Reynoldsburg, mchana Westerville, jioni naweza kupigiwa nikimbie Grove City. Mji huu hauna treni hata moja. Basi la COTA lipo ila jaribu kufika nalo kwa bibi wa watu saa kumi na mbili asubuhi Jumapili uone. Kwa hiyo hapa gari sio ufahari, bila gari hakuna shifti na bila shifti hakuna kodi ya nyumba. Sasa gari lenyewe nilikopeshwa nikiwa bado mgeni sina historia ya mikopo, riba 19%, kisha masaa yakapunguzwa kazini nikawa naishi kwa kreditikadi, mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka kampuni ya gari ikaanza kupiga simu kila siku.

Kabla ya mawakili niliongea na kampuni moja ya zile zinazojitangaza redioni kwamba watakupunguzia madeni nusu. Jamani. Wanakwambia acha kulipa kadi zote, hela uwawekee wao kwenye akaunti, wakishajilimbikizia kidogo ndio wakaongee na mabenki, na wao wanachukua asilimia yao. Nikauliza na gari je? Yule dada akasema gari halimo kwenye programu, endelea kulipa kama kawaida. Sasa dada, kama ningekuwa naweza kulipa kama kawaida ningekupigia? Halafu akataka ada ya kuanzia kwenye simu hapo hapo, wakati FTC, shirika la serikali linalolinda walaji, ilishapiga marufuku tangu 2010 kampuni hizi zinazouza huduma kwa simu kuchukua ada kabla hazijakupunguzia deni hata moja. Na deni likisamehewa, IRS, wale wa kodi, inaweza kulihesabu kama kipato chako, hiyo hawakwambii. Nikakata simu.

Washauri wa madeni wale wasio wa faida ni watu wazuri, wanakuunganishia kadi zote malipo yawe mamoja na riba inashuka, ila na wao gari hawaligusi. Kama gari unalilipa vizuri na shida ni kadi tu, anzia huko, ni bei rahisi.

Ofisini kwa mawakili swali la kwanza nililoulizwa ni gari ulinunua lini. Nikashangaa, kumbe ndio kila kitu. Ukiingia chapta 13, yaani kufilisika kwa mpango wa mahakama wa kulipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na gari la kutembelea ulilikopea zaidi ya siku 910 kabla ya kufungua kesi, yaani miaka miwili na nusu hivi, deni la gari linaweza kushushwa mpaka thamani ya gari lenyewe. Mimi nilikuwa nadaiwa dola 16,000 na ushee, gari sokoni halivuki 9,000. Basi hizo 9,000 ndio nalipa kama deni la gari, kwa riba ya chini sana kuliko ile 19, na zilizobaki zikatupwa kapu moja na kreditikadi. Kama siku 910 hazijafika unalipa deni lote la gari ila riba bado inaweza kushuka, kwa hiyo kuna watu wakili anawaambia kabisa rudini baada ya miezi kadhaa kama mnaweza kuhimili. Hapo ndipo nilimpendea, hakukimbilia kunifungulia kesi.

Chapta 7, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa kulipa kwa miaka, pia alinieleza. Inafuta kadi haraka na ada ya mahakama ni dola 338, chapta 13 ni 313, ila kwenye 7 gari la mkopo unabaki nalo kama malipo hayajachelewa, na mara nyingi unasaini tena mkataba na riba ile ile inayokuumiza, au utoe thamani yote ya gari kwa mkupuo, nani anazo? Na shemeji yangu ndiye aliyenidhamini kwenye mkopo wa gari, chapta 7 ingemwacha wazi wamkimbilie yeye, chapta 13 inaweza kumkinga na yeye wakati mpango unaendelea. Kwa sisi tunaodhaminiana kindugu hili ni kubwa sana.

Siku kesi ikifunguliwa bredauni haliruhusiwi kuja kuvuta gari, ni sheria. Ila msisubiri livutwe kwanza, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2021 kulirudisha likishachukuliwa kunaweza kuwa na mlolongo.

Sasa pa kuumiza kichwa. Unaorodhesha kila kitu, na wakisema kila kitu wanamaanisha na kile kiwanja chako cha Chanika, kilichopo Afrika kinahesabika vile vile. Hela ulizomtumia mama, mchango wa harusi ya binamu, zamu yako ya upatu, yote anayauliza wakili, na unaapa, ukificha ni jinai. Kiwanja hakikunyang'anywa ila kilinipandishia malipo ya mwezi, sikufurahi, nimekubali.

Kikao na trastii, yule msimamizi wa kesi, kilikuwa kwa Zoom, kifupi kuliko nilivyoogopa. Mkalimani wa simu unapewa bure ukiomba mapema, mwambieni wakili Kiswahili, msije mkawekewa lugha nyingine. Na wanaoogopa uraia, fomu ya uraia haiulizi kama umewahi kufilisika, inauliza kodi unazodaiwa.

Maisha ya ndani ya mpango ni ya kubanwa kweli, usidanganywe. Miaka mitano. Mkopo mpya mpaka ruhusa, marejesho ya kodi yangu sehemu kubwa inaenda kwa trastii, na gari likifa injini katikati hapo ni kurudi kwa wakili kuomba. Ada yake karibu yote imeingizwa humo humo kwenye malipo kwa hiyo mwanzoni sikutoa nyingi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu. Anapokea msaidizi, wakili mwenyewe anakurudia kesho au keshokutwa, na barua ya kampuni ya gari ikiingia katikati hapo presha inapanda bure. Tumeni email, zinajibiwa siku hiyo hiyo. Parking ipo nyuma ya jengo, ya bure, msilipie ile ya barabarani.