Mafundisho ya Kwaresima Mji Mkongwe: mwalimu mzuri, kijitabu chenye kasoro

Mafundisho haya ya vichwa vya dhambi, yaani maovu saba yanayozaa dhambi nyingine, na ya fadhila, yaani tabia njema, hufanyika karibu na Mkunazini, jioni sita za Kwaresima, kuanzia saa kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu. Ada ni shilingi 10,000, kijitabu kikiwemo. Kwaresima ikikutana na Ramadhani, daladala ni shida saa ya futari, kwa hiyo anayekaa mbali ajipange mapema. Kwa bei hiyo tunayapendekeza bila kusita, ila kijitabu kisiachiwe kifundishe peke yake.

Sifa kubwa ya mwalimu ni kuanzia pale mambo yalipoanzia kweli: jangwa la Misri, karne ya 4. Evagrius Ponticus, mtawa wa huko aliyefariki mwaka 399, hakuorodhesha matendo. Aliorodhesha mawazo manane yanayomsumbua mmonaki (mtawa): ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa, na kiburi. Wazo likija, si hiari yako. Likae au lisikae, hapo ndipo penye hiari yako. Msingi huu mwalimu anaurudia kila jioni, na anafanya vyema.

Jioni ya tatu, ya uchovu wa roho, ndiyo bora kuliko zote. Evagrius anasema uchovu huo humvamia mmonaki saa nne na kumzingira hadi saa nane. Jua huonekana limeganda, naye huchungulia dirishani, akakichukia chumba chake na kazi ya mikono yake. Saa zile zilihesabiwa tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi, na mwenye duka Darajani anazijua vizuri. Kutokana na uchovu huo ndipo ulipokuja uvivu wa orodha ya leo ya vichwa saba. Ndiyo maana hata mwenye pilika tele anaweza kuwa nao, pilika zenyewe zikiwa njia ya kuikimbia sala.

Safari ya kutoka nane hadi saba inapitiwa haraka mno. Mtawa John Cassian aliipeleka orodha ya Evagrius katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, akaiandika kwa Kilatini. Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, alikitoa kiburi akakifanya mzizi wa vyote, akaongeza kijicho, na uchovu ukamezwa na huzuni. Baadaye kiburi kilirudishwa katika saba, na uvivu ukachukua nafasi ya huzuni. Hapa palihitaji jioni nzima.

Sasa kijitabu. Kinadai orodha imetoka Mithali 6:16-19. Fungua usome: ulimi wa uongo, mikono imwagayo damu, shahidi wa uongo, apandaye fitina. Ulafi haumo, uvivu haumo. Kinachofanana wazi ni kiburi na hesabu ya saba. Kosa la pili ni zito zaidi: kinaviita vyote saba dhambi za mauti. Katika mafundisho ya Kikatoliki, dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja, yaani jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Kichwa cha dhambi, anavyoeleza mwanateolojia Thoma wa Akwino, huitwa hivyo kwa kuwa kinazaa dhambi nyingine. Ukivichanganya, mtu huenda kitubioni akasema “nina hasira, nina wivu”, bila kutaja alilolitenda.

Fadhila zimebanwa jioni ya mwisho. Imani, matumaini na upendo zimo katika 1 Wakorintho 13:13. Busara, haki, nguvu na kiasi zilifundishwa na Plato, na zimo pia katika Hekima ya Sulemani 8:7. Mwenye Biblia ya vitabu 66 hataiona aya hiyo, basi aje na yenye Deuterokanoni, yaani vitabu vya ziada vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki. Kijitabu kinazipanga saba hizi mkabala na vichwa saba, na haki inajikuta ikipambana na ulafi. Orodha hizo hazikuzaliwa pamoja. Dawa ya kiburi ni unyenyekevu, na ya ulafi ni kiasi. Jedwali la kijitabu liachwe.

Kijitabu huuzwa pia peke yake kwa shilingi 3,000, na walioko Pemba huagiza hivyo. Kwao tunashauri wasubiri toleo lililosahihishwa.