Rilei ya ziada ya pampu ya petroli kwenye Super Custom ya kulalia: uzoefu wangu

Kifurushi hiki nilikinunua Kampala kwa shilingi 60,000. Ndani kuna rilei (swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa) ya miguu minne ya volti 12 na ampia 40, soketi yake, kishikio cha fyuzi chenye fyuzi ya ampia 30, waya mwekundu wa mita 3 na vichwa vya kubania. Nimekifunga kwenye Toyota HiAce Super Custom ya petroli, injini 2RZ-E ya lita 2.4, iliyogeuzwa kuwa gari la kulalia safarini: lina betri ya pili, friji na inveta. Miezi minane sasa, na barabara za vumbi nyingi, rilei na soketi bado ni nzima kabisa. Waya na fyuzi simshauri mtu yeyote avitumie.

Ugonjwa unaotibiwa na kifurushi hiki unajulikana. Asubuhi gari linavuta vizuri. Baada ya saa moja au mbili linaanza kukosa nguvu mlimani, linakohoa, linazima. Likipumzika dakika ishirini linawaka kama halikuwa na shida. Wengi hapo hukimbilia kununua pampu. Lakini pampu mpya ikilishwa umeme uleule dhaifu itachoka vilevile, na fedha imekwenda.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye kisanduku cha uchunguzi cha Toyota cha miaka ya 1990 unganisha matundu yaliyoandikwa +B na Fp kwa kipande cha waya, kisha washa ufunguo bila kupiga stata. Pampu itanguruma yenyewe injini ikiwa imezimwa. Plagi ya pampu ikiwa bado imechomekwa, ingiza ncha za mita ya kupimia volti kwa nyuma yake. Kwenye gari langu betri ilisoma 12.4, pampu 9.7. Volti 2.7 zilipotelea njiani!

Zilipotelea upande gani? Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu, pampu ikizunguka: nilipata 1.9. Kisha hasi ya betri na hasi ya pampu: 0.8. Mimi nakubali hadi 0.5 upande wa chanya na 0.2 upande wa ethi (upande wa hasi, unaorudi kupitia bodi ya gari), zaidi ya hapo kuna kazi ya kufanya. Kwa pampu inayokula ampia 5, hizo volti 1.9 ni karibu wati 10 zinazogeuka joto ndani ya viungo na rilei ya zamani. Kiungo kibovu kikipata joto ukinzani wake huongezeka, ndiyo maana gari linazima mchana na si asubuhi. Kompyuta ya injini nayo haina habari kuwa presha imeshuka. Inafungua nozo za kupulizia petroli kwa muda uleule, na petroli inayofika ni kidogo.

Usidanganyike na kupima plagi ikiwa imechomolewa. Waya uliobaki na uzi mmoja mzima bado utakuonyesha volti 12, kwa sababu hakuna umeme unaopita. Kama pampu imekufa na huna mzigo wa kupimia, tumia taa ya mbele ya wati 55 mahali pake: inakula ampia 4.6 hivi, karibu sawa na pampu. Taa hiyo huwa ya moto sana, kwa hiyo iweke mbali na tangi.

Karatasi ya maelezo haisemi neno lolote kuhusu ethi, na huo ndio upungufu unaonisikitisha zaidi. Magari ya kulalia yanaumwa hapa kuliko mengine, kwa sababu kila aliyefunga friji, taa au inveta alitafuta boliti iliyo karibu. Chini ya boliti ya ethi ya pampu nilikuta nyaya nne. Niliihamisha ethi ya pampu kwenye boliti yake peke yake, nikakwangua rangi hadi chuma king'ae, nikaweka washa yenye meno na grisi juu. Upotevu ulishuka kutoka 0.8 hadi 0.05. Rilei bila kazi hii ingekuwa nusu dawa.

Kufunga kwenyewe ni rahisi. Tenganisha hasi ya betri kwanza. Waya wa zamani wa chanya uliokuwa ukienda kwenye pampu unaingia mguu wa rilei wenye namba 86, ethi inaingia 85. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri ya injini kupitia fyuzi, na 87 unakwenda kwenye pampu. Waya uliochoka sasa unabeba ampia 0.15 tu za kuamsha rilei, na hilo unaliweza. Rilei ikiwa na dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), usibadilishe 85 na 86.

Tafadhali, chanya ya 86 isitoke kwenye swichi ya ufunguo. Mpango wa kiwandani huizima pampu injini inapozima. Ukiuruka, siku gari likipinduka na bomba likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto.

Rilei niliifunga juu, ndani, miguu ikitazama chini ili maji yasikae kwenye soketi. Usiiweke kwenye kabati la mtungi wa gesi ya kupikia: rilei hutoa cheche ikifunga na kufungua.

Sasa ule waya. Nilipoukwangua, nyuzi zilikuwa nyeupe ndani: alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya na hulegea kwenye kibanio. Tena mita 3 hazikutosha. Nilihitaji karibu 5. Nilinunua waya wa shaba halisi wa milimita mraba 2.5, na fyuzi ya ampia 15 karibu na betri, kwa sababu ampia 30 ingeacha waya uungue kabla yake. Ukilazimika kugusa nyaya zilizo ndani ya tangi, tumia zile zilizotengenezwa kukaa ndani ya petroli. Plastiki ya kawaida na utepe huyeyuka na kuziba chujio.

Baada ya kazi yote: betri 12.4, pampu 12.1.

Kama vipimo vyako ni vizuri tangu mwanzo, kifurushi hiki hakikuhusu. Pima ampia za pampu: zikipanda hadi 8 au 9, chujio limeziba au pampu inakwama. Zikiwa chini na presha nayo iko chini, angalia rigileta ya presha na kiasi cha petroli tangini. Ningenunua tena rilei na soketi peke yake, na fedha iliyobaki ningeiweka kwenye waya mzuri.