Vitamini baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: zipi za kununua na zipi za kuziacha dukani

Mwezi wa saba baada ya kufanyiwa baipasi ya tumbo nilianza kutamani udongo. Sikuwa na mimba. Nilikuwa nanunua vile vipande vinavyouzwa sokoni karibu na ukwaju na tangawizi, natia kwenye mkoba, natafuna nikiwa ndani ya daladala. Nywele zilitoka kwa mafungu kila nikichana. Na vitamini nilikuwa nakula kila siku bila kukosa: pipi mbili za jeli zenye ladha ya chungwa, nilizouziwa famasi moja mjini kwa maneno kwamba ndizo wanazotumia waliopunguza tumbo. Vipimo viliporudi, ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilikuwa imekauka. Usiku ule niliigeuza ile chupa kwa mara ya kwanza nikasoma nyuma. Chuma hakikuwemo kabisa.

Kwa hiyo ninayokupangia hapa nimeyapanga kwa maandishi ya nyuma ya chupa. Picha ya mbele haijui umefanyiwa nini.

Aliyekatwa slivu ameondolewa sehemu kubwa ya tumbo, asidi yake imepungua na chakula anachokula ni kidogo. Aliyefanyiwa baipasi ana zaidi ya hapo: chakula chake kinaruka kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, na hapo ndipo chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Mahitaji haya hayaishi ukishafikia uzito uliotaka, ni ya maisha. Waliowekewa puto tumboni hawajakatwa wala kuunganishwa upya, hesabu yao ni nyingine na wamwulize daktari wao.

Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu, ASMBS, kinataja viwango hivi kwa siku kwa mtu wa slivu au baipasi. Viandike kwenye simu uende navyo dukani: chuma miligramu 45 hadi 60, B12 mikrogramu 350 hadi 1,000, vitamini D3 yuniti (IU) 3,000, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, thiamini yaani B1 isiyopungua miligramu 12, asidi ya foliki mikrogramu 400 hadi 800, zinki miligramu 8 hadi 22 na shaba 1 hadi 2. Daktari wako akikupa kiwango tofauti kutokana na vipimo vyako, fuata chake.

Nafasi ya kwanza: multivitamini iliyotengenezwa kwa waliofanyiwa upasuaji

Bariatric Advantage, Celebrate na ProCare Health za Marekani, au FitForMe ya Uholanzi, ambayo ina WLS Forte kwa watu wa baipasi na WLS Optimum kwa watu wa slivu. Ukiwa na uwezo wa kuzipata, anza nazo. Faida yake ni kwamba hesabu imeshapigwa: mara nyingi kidonge kimoja au viwili vinabeba chuma cha kutosha, B12 ya kutosha, thiamini, na shaba ambayo multivitamini nyingi za kawaida huisahau. Angalia tu, kampuni hizo hizo zina matoleo yasiyo na chuma, na chupa zinafanana kama mapacha. Tafuta neno "iron" na namba isiyopungua 45 mbele yake.

Tatizo ni kuzipata. Wengi wetu tunategemea ndugu anayekuja kutoka Dubai au Ulaya, na begi la mtu halina ratiba. Usisubiri chupa iishe ndipo uagize. Na usiangalie bei ya chupa, angalia bei ya siku: chupa ya vidonge 120 inayotaka vinne kwa siku ni ya mwezi mmoja, ya vidonge 90 inayotaka kimoja ni ya miezi mitatu. Nimeona watu wakikimbilia ile ya kwanza kwa sababu inaonekana kubwa.

Nafasi ya pili: kujipangia mwenyewe kwa dawa za famasi ya mtaani

Njia hii ndiyo niliyoitumia muda mrefu kuliko zote, na ukiifuata kwa makini haina aibu yoyote. Unachukua multivitamini kamili ya watu wazima yenye madini, kwa kawaida mara mbili ya kipimo cha mtu wa kawaida, kisha unaziba mapengo: chuma peke yake, B12 peke yake, D3 peke yake. Mpe mfamasia orodha nzima ajumlishe nawe, kwa sababu vitu vingine vikijirudia ni hatari. Vitamini A ya retinoli ikizidi humdhuru mtoto tumboni; mwanamke anayepanga kuzaa achague yenye beta-karotini. Tena mimba yenyewe hushauriwa isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. B6 nayo ipo nyingi kwenye vile vidonge vya mishipa vya B1, B6 na B12, na ikiliwa kwa dozi kubwa muda mrefu huleta ganzi ya miguu na mikono, ile ile inayoletwa na upungufu wa B12.

Kwenye chuma, soma mara mbili. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65 hivi. Cha ferasi glukoneti cha miligramu 300 kina 35 tu. Inayotoa chuma polepole, au yenye ganda la kuyeyukia mbele kwenye utumbo, usinunue: inafungukia mbali kuliko pale chuma kinapofyonzwa. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki ya wajawazito vina chuma kizuri na asidi ya foliki, lakini peke yake havikutoshi, havina B12.

Kwenye B12, tumbo lililopunguzwa hutoa kidogo kile kiambata kinachoisafirisha vitamini hii, ndiyo maana dozi ya kumeza inakuwa kubwa hivyo: mwili unaambulia sehemu ndogo tu. Cha kuweka chini ya ulimi ni chaguo zuri. Sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi ni bora kwa anayejijua husahau, na kwa anayetumia metfomini ya kisukari, kwani nayo hupunguza B12. Usidanganywe na mwaka wa kwanza mzuri. Ini huwa na akiba ya miaka, upungufu huja taratibu, miguu ikiwa imeshaanza kufa ganzi.

D3 inauzwa pia kwa kapsuli za yuniti 50,000. Hizo huandikwa na daktari, mara nyingi moja kwa wiki. Usizile kila siku ukadhani ni sawa na zile ndogo.

Kalsiamu inanunuliwa peke yake

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Famasi nyingi zitakupa kalsiamu kaboneti kwa sababu ni rahisi na kidonge chake kina kalsiamu nyingi. Kaboneti inahitaji asidi, na asidi ndiyo uliyopungukiwa, hasa kama bado unakunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Tafuta iliyoandikwa "calcium citrate", inafyonzwa hata asidi ikiwa kidogo. Halafu jihadhari na namba kubwa: miligramu 1,000 za sitreti ni kalsiamu halisi 210 tu. Neno la kutafuta ni "elemental". Ukiikosa sitreti kabisa, kula kaboneti pamoja na chakula, ni afadhali kuliko kukosa.

Mwili hauchukui zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mkupuo, kwa hiyo igawe mara mbili au tatu, na uiweke mbali na chuma kwa saa mbili, maana vinagombania mlango mmoja. Mimi saa moja asubuhi nakula multivitamini yenye chuma kwa maji. Chai ya maziwa nanywa saa tatu. Iliniuma kuisogeza, kwetu chai ndiyo asubuhi yenyewe, lakini majani yanazuia chuma na maziwa yanaleta kalsiamu. Kalsiamu ya kwanza saa nne, ya pili saa tisa mchana, ya tatu saa mbili usiku.

Nafasi ya tatu: vya kuyeyusha kwenye maji

Vinasaidia wiki za mwanzo ambapo kumeza ni shida. Acha povu liishe kabisa kabla ya kunywa, gesi kwenye tumbo dogo ni mateso. Vingi havina chuma na vina sodiamu, mwenye presha aangalie. Ni daraja la kuvukia wiki chache.

Nafasi ya nne: jeli

Nimeshasema yaliyonikuta. Nyingi hazina chuma, madini ni kiduchu, thiamini mara nyingi haipo, na sukari ipo.

Nafasi ya mwisho: viraka vya kubandika kwenye ngozi

Usinunue. Haijathibitika kwamba vinafikisha kiasi unachohitaji, na bei yake ingekulipia kipimo cha damu. Unga wa mlonge nao nauheshimu, ni chakula kizuri. Nyunyiza kwenye uji wako, ila usiuhesabu kama kidonge.

Kabla hujalipa

Angalia tarehe ya mwisho na kifuniko kama kimefunguliwa. Kwa dawa, wanaohusika na usajili Tanzania ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Muuzaji wa mtandaoni anayekwepa swali la usajili, mwache. Nunua chupa ndogo kwanza, kwa sababu ulimi hubadilika baada ya upasuaji na harufu uliyoipenda jana inaweza kukutapisha leo. Usiiache kwenye gari juani. Tenga pia fedha ya vipimo, kwa sababu bila hivyo unanunua gizani: ferritini, B12, foliki, vitamini D, kalsiamu na homoni ya paradundumio (PTH) inayosimamia kalsiamu mwilini, mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka.

Na ukitapika mfululizo kwa siku kadhaa, hapo usiende famasi kutafuta chupa nyingine. Thiamini huisha mwilini ndani ya wiki chache tu, na ikiisha huathiri macho, mwendo na kumbukumbu. Nenda hospitali, waambie umepunguzwa tumbo na chakula hakikai, na mwombe ndugu aliyekusindikiza alirudie neno hili kwa yeyote atakayekutundikia dripu: thiamini itangulie kabla ya glukosi.